Bi. Arlys na Samaki wa Ijumaa

Baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bi. Arlys Tollefson anastaafu tarehe 30 Mei. Kila aliyekamatwa akiendesha gari amelewa katika kaunti yetu hapa Wisconsin aliletwa kwake na mahakama, apimwe: huyu pombe imemshinda, au alizidisha siku moja tu? Jibu lake ndilo lililoamua nani arudishiwe leseni na nani aende kwanza kwenye matibabu.

Alipoanza kazi aligundua kwamba kaunti nzima hunywa bia mbili. Kila aliyeulizwa alisema mbili. Hata yule aliyeegesha trekta ndani ya ukumbi wa kanisa alikunywa mbili. Bi. Arlys hakubishana na mtu, alimwambia tu kesho aje na glasi yake ya nyumbani. Jamani, ofisini tuliletewa mpaka vyombo vya maua! Duane Kranz, dereva wa lori la maziwa, alikuja na kikombe cha chai. Mama yake akaingia nyuma yake amebeba jagi, akamwambia amesahau glasi yake. Duane alipelekwa matibabu, akakaa mwaka mzima bila lori, na salamu ya Bi. Arlys akawa haitikii.

Basi sifa zikaenea. Dukani watu walimwona wakafukia bia chini ya kabichi. Kwenye harusi ya mpwa wake, meza yake nzima ilikunywa maziwa. Mwaka juzi kanisani, mzee mmoja alipokea divai ya Meza ya Bwana, akamgeukia na kumnong'oneza kwamba hiyo ndiyo ya kwanza leo. Tulicheka mbavu hatuna. Naye alicheka, lakini tusidanganyane, ilimuuma. Kila Ijumaa jioni, kaunti yote ikijazana hotelini kwa Otto kula samaki wa kukaanga kama ilivyo desturi ya huku, yeye alifungiwa samaki wake akaenda kula peke yake ndani ya gari. Akiingia tu, watu walianza kujieleza.

Kamati yetu ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, saa ya ukutani aliikataa katakata.

"Nataka kula samaki mezani na watu," alisema, "na mtu asinieleze chochote."

Hapo tukaingia baridi. Tulibandika karatasi kwa Otto, wajiandikishe watakaoketi naye Ijumaa ya kwanza ya Juni. Wiki nzima karatasi ikakaa tupu. Hata jaji alidai ana wageni. Nilikuwa nimeshakwenda kuibandua nilipokuta jina moja: Duane Kranz, ambaye mwaka wa kumi na moja huu hajaonja pombe, na lori analo. Chini yake ameandika: "Mimi nitakaa naye. Asante nilikuwa sijamwambia."

Kufikia jana majina ni arobaini na mawili, na Otto anaunganisha meza.

Bi. Arlys, nasi tunakushukuru kwa wote waliofika nyumbani wazima. Pumzika vizuri, ucheke sana, na samaki umle akiwa bado moto.