Kitanda Mlangoni

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

CHUMA: Mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Chuma? Mbona namba ngeni?

CHUMA: Yangu imezima. Nimeazima ya mlinzi. Ile karatasi niliyokutumia picha asubuhi...

DADA: Nimeiona, niko nayo hapa maabara. Mbegu sifuri, mdogo wangu. Na homoni za kutoka ubongoni ziko chini kabisa. Ulikuwa unajidunga nini?

CHUMA: Ngoja nisogee pembeni, watu wananisikia.

DADA: Haloo?

CHUMA: Zile za jimu. Za kujaza misuli. Miaka miwili.

DADA: Lo!

CHUMA: Si ndizo homoni za kiume zenyewe? Nikajua nazidi—

DADA: Hapo ndipo ulipochemka. Kwenye korodani kuna seli walezi. Ndizo zinazolisha mbegu mpaka zikomae, na zinasubiri amri kutoka ubongoni. Ukijidunga, ubongo unaona homoni tele, unanyamaza. Amri haiji. Mbegu zinakosa mlezi.

CHUMA: Ndiyo basi tena?

DADA: Sijasema basi. Acha sindano, umwone daktari. Wengi mbegu zao hurudi, baada ya miezi, pengine mwaka na zaidi. Sikuahidi. Wifi anasemaje?

CHUMA: [mtandao unakwaruza] ...mama alishamwita...

DADA: Unakatika!

CHUMA: Mama alishamwita tasa, mbele ya watu. Nikainamia sahani yangu.

DADA: Chuma. Mlinzi wa wapi huyo?

CHUMA: Wa hospitali. Wanataka kumzibua mirija. Upasuaji.

DADA: Bila kukupima wewe?

CHUMA: Nilimwambia daktari nimepima, niko fiti.

DADA: Na majibu unayo tangu—

CHUMA: Wiki iliyopita.

DADA: Ee Mungu wangu! Wameshamwingiza?

CHUMA: Yuko kitandani, mlangoni pale. Ananipungia mkono. Ananipa moyo mimi, dada.

DADA: Nenda kamwambie.

CHUMA: Ataniacha.

DADA: Huenda. Nenda hivyo hivyo!

CHUMA: Wanasukuma kitan— Nesi! Nesi, subiri! Shika simu yako, mzee—

DADA: Chuma? Chuma!

MLINZI: Haloo? Ametoka mbio, mama.

DADA: Wamesimama?

MLINZI: Wamesimama. Kapiga magoti. Anampa mkewe karatasi.

DADA: Mkewe anasemaje?

MLINZI: Bado. Anasoma tu... Sasa anavua ile kofia ya upasua— Mama, salio langu lina—