Gunhild Skaarud, Aliyehamishwa Nyumbani Kwao

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Ragna, binti wa Halvor, na ukoo umenipa jukumu la kuwasomea maisha ya shangazi yangu, Gunhild Skaarud, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1931, katika nyumba ya magogo ambayo babu yake, aliyekuja kutoka Norwe na sanduku moja, aliijenga nje ya mji wetu huu wa Lundeby, Minnesota, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Tarjei na Mama Aslaug. Alisoma shule ya chumba kimoja, akamaliza darasa la nane mwaka 1945 akiwa wa kwanza, lakini kiangazi hicho mama yake alipooza upande mmoja, kwa hiyo kaka yake Halvor akaendelea na sekondari na baadaye chuo cha kilimo, naye akabaki kukamua ng'ombe na kumgeuza mama kitandani.

Kuhusu ndoa, alichumbiwa mwaka 1953 na Anders Rudstuen, fundi wa matrekta, mtu mpole, ambaye alifika getini na kofia mkononi, na baba yangu akamjibu palepale, "Huyu ana kazi, bwana. Tafuta mwingine," na marehemu, aliyekuwa akianika shuka hatua kumi kutoka pale, alisikia, akamalizia kuanika. Hakuolewa, wala hakupata mtoto.

Alimzika mama yake mwaka 1972 na baba yake mwaka 1975. Shamba liliandikwa jina la baba yangu, naye, Juni 1977, akalitoa kwa chama cha historia ili liwe makumbusho, bila kumwambia dada yake, ambaye alikuja kujua siku wanaume wawili walipoingia jikoni na kuanza kubandika namba kwenye vikombe. Aliwauliza wanatafuta nini. "Nyumba ni ya makumbusho sasa, mama, lakini kaka yako amesema wewe umo humohumo," mmoja akamjibu, wakacheka, naye akawachemshia kahawa.

Hivyo ndivyo alivyopata ajira. Kwa miaka thelathini na mmoja, kuanzia Mei 1978, maana makumbusho hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa kila Mei, alivaa gauni la mama yake, akawachomea wageni mikate ya viazi, akajibu maswali yao, na jioni akapanda kulala chumba chake kilekile, nyuma ya kamba nyekundu ya kuwazuia wageni.

Septemba 2009 kamati ya makumbusho iliamua kwamba mtu kuishi mle ndani kunahatarisha nyumba, akapelekwa nyumba ya wazee hapa mjini, na kitandani kwake ikalazwa sanamu ya nta yenye nywele za manjano. Kura zilikuwa saba kwa sifuri, na mojawapo ilikuwa yangu. Mwaka uliofuata nilimpeleka kutembea huko, akashika birika la shaba la mama yake, mwongoza wageni akamwambia, "Bibi, usiguse tafadhali, hiyo ni mali ya makumbusho." Akalirudisha, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ragna, mwanangu, mimi niliwakosea nini?" Nikamwambia twende, tunachelewa.

Tarehe 9 Januari mwaka huu wa 2019 alianguka, akavunjika nyonga, na baadaye mapafu yakajaa maji. Baba yangu alikwenda kumwona mara moja tu, tarehe 2 Aprili, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Marehemu alifumbua macho, akasema, "Kaka, umekuja kunirudisha nyumbani?" Baba akavaa glavu zake, kidole kwa kidole, akamwambia, "Nyumbani kunafunguliwa Mei, Gunhild." Alifariki kesho yake, saa tatu asubuhi.

Alikuwa ameomba alazwe kando ya mama yake, juu ya kilima nyuma ya banda, lakini mkataba ambao baba aliutia sahihi unakataza kaburi jipya, na kwa sababu hiyo tunamzika hapa, miongoni mwa watu asiowajua. Asubuhi hii baba ameniuliza kama nimeandika vizuri, nikamjibu ndiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa makumbusho walioleta maua, na zaidi Bi Petra Omdal, jirani yake wa chumba cha pili, ambaye si ndugu yetu, na ndiye aliyemchana nywele mpaka siku ya mwisho.

Shangazi, pumzika kwa amani, ile ambayo sisi hatukukupa.