Ngano Ambayo Philemon Hakuagiza

Kando ya soko la Woolwich kuna duka la kufulia nguo, na nje yake kuna benchi lililogongewa ukutani, pale pale mashine za kukaushia zinapopumulia. Ukuta ule hauna baridi hata mwezi wa pili. Ndiyo maana kila Jumapili mchana, ibada zikishakwisha na waliokesha kazini wakishaamka, wanaume wanne huketi pale, migongo yao ikiota joto la nguo za watu wengine. Wa kwanza ni Hafidh wa Mombasa, waliyempa jina la Mdila, yaani birika la kahawa, kwa kuwa ndiye huja na chupa ya kahawa na vikombe visivyo na mikono, amevifunga kwenye taulo. Wa pili ni Samson wa Mwanza, mlinzi wa majengo, ambaye ni Bunge, maana akishika hoja haiachi mpaka kikao kiahirishwe. Wa tatu ni Lawrence wa Nakuru, Wakili, aliyesoma sheria kidogo na kukumbuka nyingi. Wa nne ni Philemon, dereva wa basi. Yeye walikuwa wakimwita Bwana Harusi, kwa jinsi alivyokuwa hawezi kumaliza sentensi bila kumtaja mkewe. Tangu mkewe huyo, Anastasia, afariki, jina hilo hakuna aliyethubutu kulitamka, na jingine hawajampa.

Jumapili ile Philemon ndiye aliyeanza kusema, na hilo peke yake liliwanyamazisha.

— Jana nilikwenda kwa Mgiriki.

— Mgiriki gani? aliuliza Bunge.

— Wa pale juu, njia ya Plumstead. Kwa Mama Eleni.

— Kule kwenye hoteli isiyo na menyu?

— Huko huko.

Wote walikuwa wakiijua kwa masimulizi yake. Chumba kidogo, meza chache, mapazia ya kufuma. Menyu hakuna, si ya karatasi wala ya ubaoni. Unakaa, na Mama Eleni anakuletea kile kilichoiva siku hiyo: leo maharage makubwa meupe kwenye mchuzi wa nyanya, kesho samaki, kesho kutwa mboga chungu zenye limau, ambazo Anastasia alikuwa akiziita mchicha wa Wagiriki. Ukiagiza kitu, anacheka na kurudi jikoni. Mumewe, Mzee Stavro, huukata mkate kwa mkono na kuuleta mwenyewe, na akipita nyuma yako hukuwekea kiganja begani. Mwanzoni Philemon aliona ni dharau, mtu mzima kupangiwa cha kula. Anastasia aliona ni likizo. Wiki nzima naamua mimi, alikuwa akisema. Hapa waamue wao.

— Ulikwenda na nani? aliuliza Mdila, akimmiminia kahawa.

— Peke yangu. Mara ya kwanza tangu aanze kuugua. Nilisema nikae kwenye meza yetu, nile, nitoke. Nijue kama ninaweza.

— Na ukaweza?

Philemon alikizungusha kikombe vidoleni.

— Nimekaa tu, hata koti sijavua, Mama Eleni akaja na bakuli. Ndani yake ngano. Ngano nzima nzima, iliyochemshwa, imetiwa sukari, zabibu na punje za komamanga. Akaiweka mbele yangu. Nikamwuliza kwa ishara, hiki nini? Kiingereza chake na changu havikutani, mnajua. Akajipiga msalaba, akanyoosha kidole juu. Macho yake yamejaa machozi.

— Ngoja, alisema Wakili, simu iko mkononi tayari. Ngoja... Enhe. Hiyo wanapikia marehemu, bwana. Ni chakula cha matanga cha Wagiriki.

— Sikuhitaji simu kuniambia, alisema Philemon. Niliona. Sasa ninyi niambieni. Mimi sijamwambia yule mama kwamba Anastasia amefariki. Sijamwambia mtu yeyote wa mtaa ule. Amejuaje? Na kwa nini anipikie matanga ambayo mimi mwenyewe sijayamaliza?

Wenzake walijua palipouma. Anastasia alizikwa kijijini kwao, Mwika, kwenye migomba ya baba yake Philemon, na mumewe aliyaona mazishi kwenye kioo cha simu, maana karatasi zake za kukaa zilikuwa hazijatoka, angesafiri, asingerudi. Walipotaka kufanya arobaini hapa Woolwich, kwa chai na nyimbo za kwao, alikataa. Nitayamaliza nikiwa nimesimama kaburini, aliwaambia. Tangu siku hiyo hali msibani kwa mtu, hali harusini, hali popote penye watu.

— Kwa hiyo ukafanyaje? aliuliza Bunge.

— Nikalisukuma bakuli. Nikasema sitaki. Nikatoka. Na swali langu ndilo hilo. Nirudi pale, au nisikanyage tena?

— Kabla ya kurudi au kutorudi, alisema Wakili, tuanze na ushahidi. Mtu alikuwa akija na mkewe. Leo amekuja mmoja, amekonda, anakaa na koti. Mama wa watu ana macho. Amejumlisha, basi.

— Hujumlishi hivyo! alidakia Bunge. Mke angeweza kuwa kazini. Angeweza kuwa amemkimbia!

— Anastasia akimbie? alisema Mdila. Chunga ulimi.

— Nasema kwa mfano. Mimi najua amejuaje. Mwili uliondoka hapa kwa kampuni ya mazishi, sivyo? Na hao wabeba maiti wanakula wapi? Si mle mle! Mimi ni mlinzi, najua habari zinavyotembea. Zinapitia mlango wa nyuma.

— Wewe unalinda ofisi ambazo jioni hazina mtu, alisema Wakili. Habari gani inapita hapo?

— Ndiyo maana zinapita!

Mdila hakucheka. Alifuta mdomo wa chupa kwa ncha ya taulo, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

— Nyinyi mwatafuta mbali. Wale wana kahawa yao ya machicha, yataka kufanana na yetu. Na wako kina mama, ukishakunywa, hupindua kikombe wakasoma yajayo kwenye machicha. Philemon ndugu yangu, siku ya mwisho mlipokwenda pamoja, Anastasia alikunywa kahawa?

— Alikunywa.

— Kikombe chake nani alikiondoa?

Philemon alikumbuka mkono wa Mama Eleni, mnene, wenye madoa ya mafuta, ukikichukua kile kikombe kidogo. Alikumbuka pia jinsi yule mama alivyompenda Anastasia tangu siku aliposikia jina lake, akajigonga kifua na kurudia, mama yangu, mama yangu, Anastasia, maana mama yake naye aliitwa hivyo.

— Mama Eleni.

— Basi, alisema Mdila kwa sauti ya chini.

— Basi nini? Kwamba alijua kabla?

— Sikusema. Nimeuliza tu kikombe.

— Mimi nitasema! Bunge alisimama, kahawa ikamwagikia kiatuni. Ndiyo maana hakuna menyu! Mnadhani ni umaskini wa karatasi? Yule hapiki chakula, anapika mtu! Anakutazama ukiingia, anaona lililo mbele yako, anakupikia hilo. Bwana, zile dengu! Si ulituambia alikuletea dengu, na wiki ile ile ukapata leseni ya basi?

— Dengu na leseni vinahusianaje? aliuliza Wakili.

— Mduara! Usukani!

— Kwa hiyo maharage ni nini?

— Maharage ni... hayo yanategemea na mtu.

— Twendeni wote, alisema Wakili. Tukae meza moja, kila mtu aone analetewa nini. Huo ndio ushahidi.

— Mimi siendi, alisema Bunge, akikaa upesi. Nikiwekewa ngano mimi, nafia pale pale.

Wakili alianza kucheka, akakatiza njiani. Philemon alikuwa amekiweka kikombe benchini kwa kishindo.

— Mnajua alikula nini siku ile ya mwisho? alisema. Wali kwenye majani ya mzabibu. Akaniambia, Phile, huyu mama angejua Kichaga tungekuwa ndugu. Sasa mnataka niamini kwamba wakati anacheka, yule mama alikuwa amekwisha kumwona kaburini ndani ya kikombe, akanyamaza?

— Tusamehe, alisema Mdila. Mdomo umeteleza.

Mashine moja ilikoma kuzunguka ndani ya duka. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye kizingiti alisimama mama mmoja wa makamo, kapu tupu la nguo kiunoni, sare ya unesi chini ya koti. Walimjua kwa sura na jina tu: Dinah, Mkenya aliyehamia mtaa wa nyuma majuzi.

— Mnisamehe, alisema. Nimewasikia tangu mwanzo, hii mashine yangu ni pole pole. Naweza uliza kitu?

— Uliza, dada, alisema Wakili.

— Zile meza zingine. Hao watu wengine waliwekewa nini?

Wote wakamgeukia Philemon.

— Sikutazama, alisema.

— Hata moja?

— Sikutazama.

Na sasa, kwa mara ya kwanza, alijaribu kutazama. Alirudi kwenye kile chumba, akainua macho kutoka kwenye bakuli lake. Watu walikuwepo, meza zilikuwa zimejaa, na ilikuwa Jumamosi, lakini kelele za Jumamosi hazikuwepo. Alisikia vijiko. Vijiko vikigusa mabakuli kama lile lake, taratibu, kama watu wanaogopa kumwamsha mtu. Mkate ulikuwa mezani kwake, mzima, haukukatwa. Aliyeuleta alikuwa Mama Eleni. Pembeni, kwenye kile kiti karibu na mlango ambako huning'inia sweta la kijivu la Mzee Stavro, palikuwa na mshumaa kwenye glasi. Alipita karibu nao akitoka. Upepo wa koti lake uliutikisa mwali.

Na begani kwake, jioni ile, hakikutua kiganja cha mtu.

— Mzee Stavro sikumwona, alisema.

Mdila aliifunga chupa.

— Kazini hayupo? aliuliza Bunge, sauti yake imeshuka.

— Yule hakosi. Hata akiumwa hukaa pale mlangoni. Philemon alijishika kichwa. Kulikuwa na mshumaa kwenye kiti chake. Mama Eleni amevaa nyeusi. Nimeyaona yote haya, jamani. Nimeyaona, nikasema ni ya kwangu.

— Innalillahi, alinong'ona Mdila.

— Hatuna uhakika, alisema Wakili, lakini kwa upole, si kwa ubishi. Huenda mzee yuko hospitali. Huenda kweli mama alijua ya Anastasia.

— Huenda, alijibu Philemon.

— Hatujui.

— Hatujui, alisema Philemon. Lakini mimi najua nilichofanya. Mtu amenikaribisha matangani, ameniletea kwa mkono wake, na mimi nimesukuma bakuli nikamwambia sitaki. Nikamwacha amesimama. Kule kwetu, mtu akikufanyia hivyo msibani, unamsahau?

Dinah aliliweka kapu lake chini na kuketi ukingoni mwa benchi, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kuketi, na hakuna aliyemzuia.

Philemon alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

— Wapi? aliuliza Bunge.

— Juu. Kutoa pole.

— Na kama hajafiwa?

Ukuta nyuma yao ulikuwa umeanza kupoa.

— Basi pole atanipa yeye, alisema Philemon. Na mimi nitapokea.

Bunge alinyoosha kikombe chake kwa mazoea. Mdila akakichukua, akakipangusa, akakifunga kwenye taulo pamoja na vingine.

— Kahawa bado ipo, alilalamika Bunge. Nimesikia chupa ikilia.

— Hapa imekwisha, alisema Mdila. Hii yaenda kwa wafiwa. Kwetu matanga hayakai bila kahawa.

Akainuka, akamkabidhi Philemon chupa. Philemon aliikumbatia kwapani, na joto lake likapenya koti, likafika mbavuni. Wakili alikwisha simama. Bunge alimtazama Dinah.

— Nguo zangu bado zazunguka, alisema Dinah. Nendeni. Nitawawekea benchi.

Walipanda kile kilima kwa mstari mmoja, njia ikiwa nyembamba kwa mapipa ya taka. Vikombe viligongana ndani ya taulo, mkononi mwa Mdila. Philemon alitangulia. Hakuwa amejiandaa kwa neno lolote, na kila alilolijaribu kichwani lilikuwa fupi mno au refu mno. Nyuma yake alimsikia Bunge akihema.

— Mdila. Pole kwa Kigiriki inasemwaje?

— Sijui.

— Sasa tukifika tutasema nini?

Mdila alipaza sauti kidogo, ili wa mbele asikie.

— Hatusemi kitu. Tutakaa, tutakula kitakacholetwa. Au vipi, Bwana Harusi?

Philemon hakugeuka, lakini aliitikia jina lile kwa kichwa. Aliibana chupa kwa nguvu zaidi, akaongeza mwendo.