Chapa ya Gunzi Tupu ya Fundi Kornelio

Kaeni jamani, na nyie mliosimama nje ya turubai kaeni hata kwenye matofali, maana mzee huyu hakupenda mtu amsikilize amesimama kama anataka kuondoka. Shikamooni wazee, wa rika langu mambo, mimi ni Samson, kitinda mimba wake, familia imenipa nisome kwa kuwa kaka Nikolaus akianza tu atalia, na nitasema kama tunavyoongea kitaa, Kiswahili cha maofisini sikukifikia.

Baba yetu Kornelio Lukasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 Munisagara, mtoto wa nne wa kibarua wa reli, na mwaka 1975 aliona behewa likimkata babu mguu mchana kweupe. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1977, akamaliza darasa la saba 1983, hakuchaguliwa, mwaka uliofuata akaingia karakana ya shamba moja la mkonge kujifunza uchomeleaji kwa fundi aliyempiga na bomba kila akikosea, lile kovu juu ya jicho lake ni la bomba. Mwaka 1990 fundi akamtoa, yaani akamtangaza kuwa fundi kamili, na kwa wasiojua, mafundi wa zamani huku Kilosa wakimtoa mwanafunzi wanamwambia achague kifaa kimoja chochote humo ndani, na fundi haruhusiwi kukataa, baba akachagua nyundo kubwa ya fundi wake, akapewa.

Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa na mama yetu Magreti, wakajaliwa watoto watatu, dada Irine, kaka Nikolaus, na mimi. Mwaka 1998 akafungua karakana yake Mabwerebwere, na 2012 akabuni mashine ya kupukuchua mahindi mnayoijua wote, akaiita Gunzi Tupu, kwa sababu ukiingiza hindi huku, kule linatoka gunzi tupu.

Mashine ikabamba, na haikupita muda wakaibuka jamaa Mikumi wanauza feki zenye jina hilo hilo, baba akapanda basi na nyundo, akazivunja zote pale sokoni, akamvunja na muuzaji taya, akalala mahabusu. Mahakamani hakimu akamuuliza, "Mzee, una karatasi gani inayosema jina ni lako," baba akajibu kila mtu anajua ni langu, hakimu akamwambia, "Mimi sijui," kesi ikaisha hivyo, akalipa taya la mtu.

Hapo ndipo alipokutana na wakili mama Grace wa Morogoro, aliyemwambia aache nyundo nyumbani, mali ya akili inapiganiwa kwa mpango. Fremu ya mashine, mama Grace alisema, acha waige, ilishaonekana sokoni, huwezi kuirudisha tumboni, lakini mkunjo wa meno ya ndani usimwonyeshe mtu, na jina lisajili. Likasajiliwa tarehe 3 Mei 2016. Toka siku hiyo baba meno aliyakunja mwenyewe mlango umefungwa, vijana wa Mvumi na Mikumi wakachomelea fremu kwa mkataba, na yeye alipitisha mahindi kwanza, mashine isipojikwaa ndipo anachukua chapa, kile kichuma chake chenye jina la Gunzi Tupu, anaigonga kwenye pipa. Ikijikwaa, anaibomoa mbele yako huku anakutukana.

Mwaka 2021 akamtoa mwanafunzi wake Yassin, tukajua atachagua jenereta, Yassin akasema, "Fundi, mi nataka chapa." Nikolaus akamwambia, "Chukua jenereta, fala wewe, hicho kichuma utakila?" Mama naye akamsihi baba, "Baba Irine, mpe chochote ila hicho." Baba akampa, akisema na yeye hakunyimwa nyundo, kisha akajichongea chapa nyingine kama ile ile. Mama Grace alivyosikia akamfokea kwenye simu akitaka waandikishane na Yassin haraka, baba akasema mwanafunzi wangu simwekei karatasi. Yassin akaenda Mikumi, akawa anatumia bati jepesi na meno ya kubahatisha, akagonga chapa ya baba.

Tarehe 9 Juni mwaka huu, 2025, kule Mvumi, mashine ya Yassin ilipasuka pipa, ikamkata dada mmoja wa huko, Devota, mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Jumamosi tarehe 14 kaka zake na majirani zao wakafika karakana na kipande cha bati, bado kina damu, wakauliza, "Hii chapa ya nani?" Baba alikigeuza mara moja tu, akajua si kazi yake, sote tulijua, Nikolaus akapiga kelele hiyo ni ya Yassin, lakini baba akasema, "Chapa ni yangu." Wakampiga kwa nondo zake mwenyewe, wakampiga akiwa chini, Nikolaus wakamvunja mbavu, karakana wakaitia moto. Pale hospitali nilimuuliza kwa nini hakumtaja Yassin, akanijibu kwa shida, "Nikikana hii, nani ataiamini ile ya kwangu?" Alifariki Morogoro tarehe 21 Juni, damu ilivujia kwenye ubongo.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa Kilosa na Morogoro, majirani wa Mabwerebwere mliozima moto karakana, mafundi wenzake, mama Grace, na dada Devota uliyekuja na bandeji yako, karibu, tunakuona. Mzee Kornelio, umepiga chuma vya kutosha, sasa lala, pumzika kwa amani.

Kimebaki kitu kimoja, na familia imekubali nikiseme. Jana Yassin alileta chapa, akaiweka miguuni kwa mama, akakimbia kabla sijamkamata. Mashine za baba na za Yassin ziko vijijini zimechanganyika, chapa ni hiyo hiyo, na msimu wa kupukuchua ndio huu. Mama anataka tulifute jina kabla halijakata mkono mwingine, Nikolaus anataka tuzikusanye zote, tubadilishe meno bure hata ya Yassin, hata kama karakana itafilisika, mimi nataka kwenda Mikumi na ile nyundo. Na nyie mliompiga mpo humu, mmekaa, mmekula wali wetu, mashine zake ziko majumbani kwenu. Ungekuwa wewe ndiye mtoto wake, chapa hii ungeifanyaje?