Kitambaa cha Kola Kwenye Blanketi la Fulana

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemzika Jumatano. Wengi mlimwita Fundi Polepole. Kama nyumbani kwako kuna blanketi lililoshonwa kwa fulana kuukuu, huenda lilipita mikononi mwake.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la viatu. Dirisha moja, cherehani mbili, na meza ya pasi iliyoungua pembeni. Watu walimletea fulana za mtoto aliyekua, za mume aliyestaafu, za marehemu. Alizikata vipande vya mraba, akaviunga vikawa blanketi.

Wateja walimtania. "Fundi Polepole, hili langu litaisha nikiwa bibi?"

"Ukiwa bibi ndiyo utasikia baridi vizuri," alijibu, pini ziko mdomoni.

Alikuwa na sababu ya kuchelewa. Fulana huvutika, wasikilizaji. Ukiishona hivihivi inapinda. Kwa hiyo nyuma yake hubandikwa kwa pasi kitambaa chenye gundi. Kipo chepesi, na kipo kigumu cha kola za mashati. Kwa fulana yeye alitaka chepesi. Narudia, chepesi. Na hata hicho alikijaribu kwanza kwenye mkono wa fulana uliokatwa. Alibandika, akafua, akaanika, kisha akakifinya ndani ya ngumi. Kikigoma kukunjika, alikirudisha dukani.

Miaka saba iliyopita alikuja mama mmoja aliyefiwa na binti yake. Alileta fulana kumi na mbili za binti huyo. Akasema, "Fundi, nataka nijifunike na mwanangu."

Wiki ile fundi alilala kwa maumivu ya mgongo. Kazi ikabaki kwa mdogo wake wa kike. Kitambaa chepesi kilikuwa kimekwisha. Cha kola kilikuwepo.

Jana nilimtembelea huyo mdogo mtu. Alizungumza akiangalia sakafu. "Niliona gundi ni gundi tu. Nikabandika zote kumi na mbili siku moja. Dada akanipigia simu akiwa kitandani. 'Umejaribu kwenye mkono?' Nikamwambia nimejaribu, dada. Akaniamini."

Siku mama yule alipokuja, fundi naye ndiyo kwanza amerudi kazini. Blanketi likafunguliwa. Halikulala mezani. Pembe zilisimama kama kifuniko cha boksi. Mama akaliweka mabegani, likateleza likaanguka.

"Fundi, umenishonea ubao?"

Fundi akashika pembe moja, akajaribu kubandua. Fulana ikaanza kuchanika pamoja na gundi. Akaacha. Akasema, "Kosa ni langu, mama. Nilichagua vibaya. Nisamehe."

Nikamuuliza mdogo mtu, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya cherehani. Hatua tatu tu. Niliinama nikajifanya natunga uzi kwenye sindano."

Habari zikaenea mtaani kwamba fundi ameharibu nguo za marehemu. Wateja wakapungua. Yeye hakumtaja mtu. Hata mdogo wake hakumgombeza. Alimwambia tu, "Siku nyingine jaribu kwanza, mdogo wangu."

Wasikilizaji wapendwa, mdogo mtu ameniomba niseme hewani. Aliyebandika kitambaa cha kola ni yeye. Narudia, ni yeye, si marehemu. Asubuhi ya jana alikuwa ameshakwenda kwa yule mama kumweleza mwenyewe. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Kisha akasema, "Miaka saba napishana na dada yako sokoni. Ananisalimu. Sikumwitikia hata siku moja."

Kwa watoto wa fundi, kwa mdogo wake, na kwako wewe mama uliyefiwa na binti, poleni sana. Sisi tuliozibeba zile habari za mtaani bila kuuliza, nasi hatuna pa kuficha uso.

Na wewe uliye nyumbani, je, yupo anayebeba kosa lako? Yupo unayempita bila kumwitikia? Kama bado yu hai, usingoje nimalize. Redio izime, uende.