Mchanga Katika Kipumulio cha Akiba

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika, familia imeomba haya yasomwe kwa utulivu, ingawa atakayecheka hatakosea, maana marehemu mwenyewe alicheka hata akiwa na sindano mkononi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Baba Akiba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baiskeli ya baba yake, na inasemekana alijifunza kutambaa kwa kuufuata mpira wa pampu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha shule ya ufundi miaka miwili, akajifunza pampu na valvu, na tarehe 5 Februari 1973 akaajiriwa katika karakana ya bandari, akiwa mzamiaji wa kukagua matumbo ya meli na fundi wa vifaa vya kupumulia.

Siku hizo alikuwa na kipumulio kizuri kinywani, na kile cha akiba, anachopewa mwenzako akiishiwa hewa, kilikuwa cha hovyo, kikimning'inia na kuburuzika chini kama mkia. Tarehe 9 Agosti 1981, chini ya meli ya mizigo, mwenzake wa kuzamia, dada mmoja mpiga rangi wa meli, aliishiwa hewa, akakishika kile cha akiba, akavuta, akapata hewa kidogo na mchanga mwingi. Walipanda juu salama wakipokezana kile kizuri, dada akatema mara tatu, akasema mbele ya kikosi kizima, "Kaka, kizuri umejiwekea mwenyewe, mimi umenilisha mchanga."

Wiki hiyo fundi alichagua kipya, chepesi kuvuta sawasawa na kile cha kwanza, kinachoingia kinywani bila mtu kutafuta upande wa juu, chenye mpira mrefu wa njano unaoonekana hata kwenye maji machafu, akakibana kifuani kwa kibanio kinachoachia kikivutwa, pale ambapo mkono wa mtu mwenye hofu hufika wenyewe. Akampelekea yule dada, naye akakijaribu ndani ya beseni, akasema bado kina mchanga, akaenda zake. Fundi alikifungua chote, akabadilisha oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, akakagua kiwambo cha ndani, akarudi, na jibu likawa lile lile, mara sita nzima, na mara ya saba akaja pamoja na shangazi yake, kuleta posa.

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, kwa sharti moja la bibi harusi, kwamba kila tarehe 9 Agosti atakionja yeye mwenyewe, na kila mwaka alikionja, na kila mwaka kilikuwa na mchanga. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, 1984 na 1988, na binti mmoja, 1996, aliyejua kukunja ule mpira kwa mduara mpana usipasuke kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mwaka 1994 alifungua karakana yake, chumba kimoja chenye sinki mbili, ambapo mteja akileta kipumulio kikuu cha kung'aa na cha akiba cha kubahatisha, aliulizwa hiki kibovu ni cha nani, akijibu ni cha akiba, anaulizwa tena.

"Mwenzako ndiye atakayekivuta," alikuwa akisema. "Nenda kamlete achague."

Hakuhudumia kimoja akaacha kingine, vyote viwili vilifunguliwa kila mwaka, vilisuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi bila kubonyeza kitufe cha hewa, maji yasije yakaingia ndani, vikakaushwa kivulini, na kishikio cha meno kilichochanika hata kidogo kilitupwa.

Januari 2024 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa tarehe 21 Mei, na hakukubali kulala mpaka muuguzi alipomwonyesha mtungi wa oksijeni wa akiba na kuufungua kidogo asikie. Aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 2 Juni. Tarehe 4, mchana, mkewe alimwambia binti yao alete mtungi na kile cha njano chumbani, akaketi kitandani, akavuta mara tatu bila haraka.

"Baba watoto, hakina mchanga."

Akamjibu kwamba Agosti haijafika. Mkewe akakiri kwamba hakikuwa na mchanga tangu siku ile ya beseni.

"Nilijua, mama," akasema. "Ningekubali kwamba ni kizima, ningekuja kwenu kufanya nini?"

Alifariki tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 68, ameacha mke, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyeufungua mtungi, majirani waliotuletea viti na maji, na wazamiaji wenzake wa bandarini. Mezani kuna vipumulio vitano vya wateja, vyote vimekamilika, na wenyewe wanaombwa waje kuvichukua, kila mmoja na mwenzake.

Baba Akiba, cha njano kimesuuzwa na kiko kivulini, pumzika kwa amani.