Avis Vowles, Aliyewapa Waliberali Kura Mara Moja Tu

Familia inawashukuru nyote mliofika leo, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, katika kanisa hili la Kimethodisti la Wexcombe, kumsindikiza Bi Avis Mary Vowles.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1943, nyumba ya tatu Mtaa wa Kinu, hapa hapa Wexcombe, Somerset. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Reginald Coombes, fundi wa njia ya reli, na mkewe Ivy, aliyefua mashuka ya hospitali yetu ndogo. Mji huu ni wa wakulima na wenye maduka, na umewachagua Wahafidhina tangu babu zetu. Mzee Coombes alikuwa mtu wa Leba, chama cha tabaka la wafanyakazi, na bango lake jekundu lilikuwa peke yake mtaani. Uchaguzi wa Februari 1950, Avis hajatimiza hata miaka saba, baba alimsimamisha mlangoni pa kituo cha kura agawe vikaratasi vya chama. Mke wa mkulima mmoja akamwinamia, akamuuliza, "Mwanangu, baba yako anajua kwamba atashindwa?"

"Anajua," Avis akajibu. "Hata mvua tunajua itanyesha, na bado tunatoka."

Alisoma shule ya kanisa, kisha akaanguka ule mtihani uliokuwa ukiwachuja watoto wa miaka kumi na moja. Kidonda hicho hakikupona. Alikuwa akisema, "Walinitupa pembeni kabla meno ya utotoni hayajanitoka yote." Aliacha shule mwaka 1958, akaenda moja kwa moja kiwanda cha viatu.

Alishona ngozi za viatu pale kwa miaka arobaini. Kelele za mashine zilimla sikio la kushoto, na wasimamizi wakaja kugundua kwamba Avis alisikia vizuri sana alipotaka. Wenzake walimchagua kuwa msemaji wao wa chama cha wafanyakazi, na mwaka 1974 aliwatoa wanawake nje ya lango mpaka wakapewa mshahara sawa na wa wanaume wa meza ya pili, waliofanya kazi ile ile. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1998, serikali ilikuwa ya Leba, chama chake mwenyewe, kile alichokichezea ngoma barabarani kiliposhinda mwaka mmoja nyuma. Hakuna waziri aliyefika Wexcombe. Avis alilia jikoni, akafuta uso, na mwezi uliofuata akalipa ada yake ya uanachama. Baadaye alipika shuleni hadi alipostaafu.

Tarehe 10 Septemba 1966 alifunga ndoa na Desmond Vowles, dereva wa lori la maziwa, katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorna na Clive. Desmond alikuwa mtu mpole, mhubiri wa zamu, na Mliberali wa kuzaliwa. Hapo ndipo penye habari. Kila uchaguzi dirisha la kushoto la nyumba yao lilikuwa na bango la manjano la Waliberali, la kulia jekundu la Leba, na majirani walipita wakicheka. Wao wenyewe walicheka pia, mpaka Aprili 1992.

Mwaka huo Mliberali alishindwa hapa na Mhafidhina kwa kura thelathini na moja. Leba, kama kawaida, ilikuwa ya tatu kwa mbali. Desmond alirudi alfajiri kutoka kwenye ukumbi wa kuhesabia, akakaa mezani bila kuvua koti.

"Thelathini na moja, Avis. Mtaa huu peke yake ungetosha."

"Usinianzie mimi, Des. Waanzie waliokaa nyumbani wakinywa chai."

"Kura yako ilikwenda wapi?"

"Ilikwenda kwa ninayemwamini."

"Ilikwenda kwa Mhafidhina, mke wangu. Kwa Leba ilipita tu."

Walikaa karibu mwezi mzima wakizungumza kupitia watoto. Avis aliwaambia wenzake kiwandani kwamba hakumpa mtu yeyote kura kwa kuogopa mtu mwingine, na kwamba kura si jiwe la kumrushia jirani. Desmond naye alisema mtu anayezama hachagui rangi ya kamba. Kila mmoja aliona ana haki, na wote wawili walikuwa nayo, na Mhafidhina akaenda Bungeni.

Hospitali yetu ndogo ilipotajwa kufungwa, hao wawili walisimama pamoja langoni pake kila Jumamosi, Avis na beji nyekundu, mumewe na ya manjano. Mbunge alikuja, akawashukuru kwa maoni yao, akapigwa picha, akaondoka. Ilifungwa mwaka 2014. Novemba 2016 Desmond alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa bustanini. Gari la wagonjwa lilimchukua kwenda hospitali ya mji mkubwa, mwendo wa zaidi ya saa moja, na alikata roho kabla hawajafika nusu ya njia.

Baada ya mazishi Avis alimuuliza mdogo wake, "Doreen, zile kura thelathini na moja. Unadhani Mliberali angeiokoa hospitali?"

"Dada, ni miaka ishirini na nne. Hakuna anayejua."

"Hicho ndicho kinachoniua. Kwamba hakuna anayejua."

Kisha ukaja uchaguzi wa Bunge wa mwaka jana. Huu ulikuwa wa tarehe 4 Julai 2024. Lorna alikuja kutoka Bristol wiki mbili kabla, na kwenye simu yake alikuwa na orodha za watu wanaowashauri wapigakura wampigie nani ili Mhafidhina aanguke.

"Mama, hapa ni Waliberali. Leba hapa hawana kitu. Mgombea wao ni kijana wa London, hata jina la mji anakosea kulitamka."

"Kijana huyo amesimama mvuani kwa ajili ya chama changu, Lorna. Nimwache peke yake?"

"Baba alikufa barabarani, mama."

Avis alikwenda kumwona Gwyn Pascoe, katibu wa tawi la Leba, rafiki yake tangu siku za kiwanda, mtu aliyegawa naye vikaratasi kwa miaka arobaini. Pascoe alikuwa akipanga mabango sebuleni.

"Gwyn, nataka kuwapa Waliberali. Mara hii tu."

"Wewe?"

"Mimi."

"Bibie, sisi tukiondoka, nani atabaki kusema tulikuwepo? Watahesabu, watasema Wexcombe haina watu wa Leba. Kisha hawatatuletea hata mgombea."

"Nimekuwepo tangu nikiwa na miaka sita, Gwyn. Nimechoka kuwepo. Nataka kushinda."

"Basi nenda kashinde," Pascoe akasema, akamgeuzia mgongo.

Siku ya kura Avis alivaa koti lake la kanisani. Alisimama ndani ya kile kibanda cha mbao cha kupigia kura muda mrefu kiasi kwamba msimamizi alikohoa. Akatia alama kwa Mliberali. Nje alimwambia Lorna, "Nimejisikia kama mtu anayekula kwa jirani wakati kwao kuna chungu motoni."

Mliberali alishinda. Alishinda kwa maelfu. Kura ya Avis haikuhitajika hata kidogo. Yule kijana wa London ndiye aliyeihitaji. Mgombea asiyepata kura moja katika kila ishirini hapotezi kiti tu, hupoteza na dhamana yake, ile pesa aliyoweka ili agombee, pamoja na heshima ya tawi, na kijana huyo alipungukiwa na kura tisa. Pascoe alipiga simu asubuhi. Alisema, "Tisa, Avis," akakata. Hawakuzungumza tena.

Lakini Bi Avis hakuwa mtu wa kukaa na kunung'unika peke yake. Septemba alikwenda kwa mbunge mpya, yule Mliberali, siku yake ya kuonana na wananchi, akakaa mbele yake na mkoba magotini. Aliuliza hospitali itafunguliwa lini. Mbunge, mama mstaarabu, alimpa chai na kumweleza kwamba yeye ni wa upinzani, na jambo hilo liko mikononi mwa serikali, ambayo sasa ni ya Leba. Avis akaiandikia serikali. Ikajibu kwamba jambo hilo alipeleke kwa mbunge wake.

"Miaka yote nilipiga kura kwa moyo, nikashindwa," alimwambia Doreen. "Nikapiga kwa akili, nikashinda, na hospitali bado ina kufuli. Sasa nipige kwa nini, kwa kiwiko?"

Mwezi wa Oktoba madaktari walikuta saratani kwenye kongosho. Ugonjwa ulikuwa mkali, lakini ulimi wake ulikuwa ule ule. Alilazwa hospitali ya mji mkubwa, ile ile ambayo Desmond hakuifikia, na wageni wake walibadili mabasi mawili kumfikia. Siku moja kabla ya mwisho alimshika Lorna mkono, akasema, "Mwanangu, kwa nini karatasi ile ya kura ina nafasi ya jambo moja tu? Nilitaka kuwaambia ninachopenda, na nilitaka kuwaambia nisichotaka. Kila mara walinilazimisha kuchagua." Alifariki Jumanne tarehe 18 Februari 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Ameacha watoto wawili, Lorna na mumewe Philip wa Bristol, na Clive aliyesafiri kutoka Kanada. Wajukuu wanne, Bethan, Rowan, Tamsin na Jory. Na mdogo wake Doreen, anayewasomea maneno haya.

Familia inamshukuru pia Bwana Gwyn Pascoe. Alibisha hodi kwa Lorna siku ya tatu ya msiba, akasimama mlangoni kofia mkononi. "Nasikia mnatafuta mtu wa sita wa kubeba jeneza," alisema. "Bado nimemkasirikia. Lakini bega ninalo." Leo atabeba upande wa kushoto, mbele.

Avis, dada yetu, ulale salama. Bwana akupe pumziko ambalo sisi hatukukupa.